Safu ya Mwisho Kulia

Kiti cha mtuhumiwa, ndani ya chumba cha dawa cha hospitali, kilikuwa na mto mdogo wa sponji uliobonyea katikati, na Inspekta alipokikalia alijisikia kama amemkalia mtu mapajani. Hakunyanyuka. Kituoni walimwita Kobe, na si kwa ajili ya shingo peke yake: akishakaa mahali haondoki mpaka mahali penyewe paseme kitu.

Mbele yake skrini ilikuwa inawaka. Alisoma mstari wa kwanza, akafikicha macho, akausoma tena. Herufi zilikuwepo, hilo hakuna wa kubisha, ila zilikaa kama watu wanaoonekana kupitia kioo cha bafuni: unajua ni watu, hujui ni nani.

"Ndivyo ilivyokuwa Ijumaa ile?" aliuliza.

"Ndivyo hivyo hivyo, afande. Sijaigusa," alijibu fundi wa kompyuta.

Fundi huyu alikuwa mtu wa makamo, tumbo lake likimtangulia kila mlangoni, na hospitali nzima walimwita Waya kwa sababu hakukosa waya shingoni, kama daktari na kipimo chake cha mapigo ya moyo. Leo waya ulikuwepo, lakini tumbo lilikuwa limenywea. Siku kumi na moja za kuulizwa maswali zilimkausha kuliko mazoezi ya mwaka mzima.

Jambo lenyewe lilikuwa fupi, na ndiyo maana lilikuwa baya. Ijumaa, siku kumi na moja nyuma, mshonaji mmoja, mama wa watoto wawili, alifika dirishani na karatasi ya daktari wa zamu. Alipewa vidonge vya jamii ya penisilini. Alimeza viwili nyumbani, akavimba koo, na kabla gari halijapatikana akawa amekwishakata roho. Faili lake la kompyuta lilikuwa na onyo la mzio tangu miaka mitatu nyuma, kwa herufi nyekundu, kwenye safu ya mwisho kulia. Na sheria ya chumba cha dawa ilikuwa moja tu: hakuna dawa inayotoka dirishani kabla mfamasia hajausoma mstari wa mgonjwa kwenye skrini mpaka mwisho.

Mfamasia alisema onyo hakuliona. Basi. Alilisema hilo siku ya kwanza, akalirudia siku ya pili, akapelekwa rumande nalo. Daktari mkuu alipohojiwa alinyoosha mikono na kusema mwenye macho haambiwi tazama. Kesho asubuhi jalada linakwenda mahakamani, uzembe uliosababisha kifo, na Kobe hakupenda jalada linalokwenda na swali tumboni.

Alitoa daftari, akamtaka Waya aanze mwanzo, tena polepole, maana yeye hana haraka ya kumfunga mtu.

Waya akaanza. Jumatano aliweka kadi mpya ya grafiki, ile inayotengeneza picha kwenye skrini. Kuwasha tu, herufi zikaja na ukungu. Alijaribu kuweka draiva yake, ile programu inayoifundisha kompyuta kuongea na kadi, ikakataa. Akaijaribu tena, ikakataa tena, mara ya tatu skrini ikawa nyeusi tii. Akaiacha mashine itumie draiva ya kawaida, ya kubahatisha, ambayo haijui skrini ina nukta ngapi. Kompyuta isipojua, inakisia, na kila herufi inapakwa katikati ya nukta mbili kama siagi isiyotosha mkate.

Hapa daktari mkuu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akijifanya anapita, aliingilia kusema kwamba dereva wa gari la wagonjwa siku hiyo alikuwa likizo, kwa hiyo asitafutiwe sababu. Waya alitazama dari. Inspekta aliandika kitu ambacho hakikuwa cha lazima.

"Na kadi ya zamani ilikuwa na kosa gani?" akauliza.

"Herufi. Mama Vidonge alikuwa akilalamika zina ukungu." Hilo ndilo jina la mfamasia katika korido zote. "Mwaka huu nilimbadilishia waya, halafu nikambadilishia skrini nzima, akalalamika bado. Nikasema basi itakuwa kadi."

"Wewe uliuona huo ukungu?"

"Mimi nikitazama naona sawa. Lakini mwenye kiatu ndiye ajuaye kinapombana, afande."

Kobe aliandika. Katika kurasa za nyuma alikuwa na maelezo ya msaidizi wa zamu ya jioni, yaliyosema vivyo hivyo: kabla ya Jumatano skrini haikuwa na shida yoyote. Aliyapita kama alivyoyapita mara ya kwanza. Mtu anayetaka kubaki kazini husema kila kitu kilikuwa sawa.

Akageukia skrini. Aliandika jina la marehemu kwa kidole kimoja, kama kawaida ya polisi. Mstari ukaja: jina, umri, dawa, kipimo. Herufi zilikuwa nene ajabu, kila moja kama imelishwa. Baada ya kipimo, ukingo wa skrini. Aliutazama ukingo ule muda mrefu mpaka Waya akaanza kukohoa.

"Safu ya onyo iko wapi?"

Waya alisogea, akainama, tumbo likagusa meza. Akashika kipanya, akatafuta kile kijiti cha chini cha kusogeza ukurasa. Kilikuwa kimefunikwa na mkanda wa chini wa skrini. Alipouondoa mkanda na kuuvuta ukurasa kwa nguvu kuelekea kushoto, ndipo ikajitokeza, nyekundu, yenye ukungu, lakini nyekundu.

Nje kwenye benchi la korido mtu alijikohoza, mume wa marehemu. Hakuna aliyemwita. Tangu mazishi alikuwa akija kila siku, anakaa, saa za kazi zikiisha anakwenda zake.

"Nani alizinenepesha hizi herufi?" aliuliza Inspekta.

"Mimi. Alhamisi. Aliniomba, afande, alisema hasomi kitu. Nikaziongeza mpaka karibu mara mbili. Programu hii ni ya zamani, haijui kujikunja. Ukiikuza inatoka nje ya kioo." Sauti ilikuwa imeanza kumkimbia. "Sikuangalia upande wa kulia. Wallahi sikuangalia. Niliangalia kama anasoma, akasema anasoma, nikaondoka."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku kumi na moja Kobe kuona mlango. Mwanamke hakuliona onyo kwa sababu onyo halikuwepo mbele yake. Sasa alitaka kujua ni nani aliyeujenga mlango huo, akamwamuru Waya aifungue mashine.

Waya alililaza sanduku lake ubavu, akafungua skurubu nne, akaing'oa kadi na kuipuliza vumbi. Kibandiko juu ya feni kilitangaza namba ya kadi ya juzi juzi. Inspekta alimwambia aitoe feni. Waya alisita, kisha akaitoa, akaifuta ile gundi ya kijivu kwenye moyo wa kadi kwa pamba na spiriti iliyokuwa karibu, maana katika chumba cha dawa spiriti haikosekani. Chini ya gundi kulikuwa na namba nyingine. Waya aliisoma mara mbili, halafu akakaa sakafuni.

Alieleza kutoka huko chini. Kadi ilikuwa kuukuu, ya miaka kumi au zaidi. Mtu aliifuta kumbukumbu yake na kuifundisha jina la uongo, kwa hiyo kompyuta ikiiuliza wewe nani, inajibu jina la mdogo wake. Draiva ya jina hilo ikija, haimkuti mwenye jina. Ndiyo maana ilikataa.

"Kitambulisho cha bandia," alisema Kobe. Hayo aliyajua vizuri.

Akamwita daktari mkuu, na safari hii hakumruhusu apite tu. Kadi ilitoka wapi? Daktari mkuu alizungukazunguka kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta, mwisho akasema aliitoa nyumbani. Mwanawe alikuwa akiitumia kwa michezo ya kompyuta, akapata nyingine, hii ikabaki kabatini. Mwana mwenyewe aliipata kwa rafiki yake, na rafiki kwa mtu wa sokoni. Yeye aliposikia mfamasia analalamika kila asubuhi, aliona heri asaidie.

"Nilikuwa nasaidia, Inspekta," alirudia. "Andika hivyo. Nilikuwa nasaidia."

Aliandika. Katika kurasa kumi na nne za daftari hilo hakuwa na hata mtu mmoja aliyetaka kudhuru. Mwizi unamkamata, unamfunga, unakwenda kulala. Watu wanaosaidia unawafanyaje?

Alimwamuru Waya airudishe kadi na kuitengeneza mbele yake, hatua kwa hatua, kila hatua ikiandikwa na saa yake. Waya aliiamsha kompyuta katika hali ya usalama, inapoamka nusu, bila mapambo, ikijua mambo machache tu. Akafuta mabaki yote ya draiva ya zamani na ya ile ya uongo, maana mabaki ya draiva ni kama mawifi wawili jikoni. Akaweka draiva ya jina la kweli la kadi. Ikakubali mara moja. Akaipa skrini idadi yake kamili ya nukta, akazirudisha herufi kwenye ukubwa wake wa kawaida, akawasha upya.

Skrini ilikuja safi kama sahani iliyotoka kuoshwa. Jina, umri, dawa, kipimo, na mwishoni kulia, nyekundu: TAHADHARI, PENISILINI. Kobe alilisoma akiwa ameegemea rafu yenye vibandiko vya herufi kubwa za wino mzito, hatua tatu nyuma. Alipiga simu kituoni, akaomba mtuhumiwa aletwe. Alitaka jaribio moja la mwisho: wamwonyeshe mstari ule kwanza ukiwa safi, halafu ukiwa umekatwa, aseme tofauti, asaini, na kesho jalada liende likiwa na sura nyingine.

Aliletwa saa nane, ameongozana na askari wa kike aliyemshika kiwiko. Mama wa miaka hamsini na kitu, mrefu, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani hata baada ya rumande. Alipita koridoni kichwa juu. Mume wa marehemu alisimama alipomwona, akafungua mdomo. Mfamasia alimpita umbali wa mkono mmoja bila hata kugeuza shingo.

"Hata kunitazama hanitazami," alisema yule mume, si kwa mtu yeyote. Akakaa tena.

Ndani, Inspekta alimsalimu shikamoo, naye akaitikia marahaba na kumwita kwa cheo chake kabla hajajitambulisha. Akamsalimu na Waya, aliyekuwa hajatia neno bado ila kuburuta miguu. Alikaa kwenye kiti chake, mto ukampokea. Kobe alimwambia kila kitu kilichopatikana: kadi, jina la uongo, herufi zilizonenepeshwa, safu iliyokatika. Alimwambia kwamba Waya ameshaitengeneza mashine. Mwanamke alisikiliza huku mikono yake ikiipapasa kibodi taratibu, kama mtu anayempapasa paka wake baada ya safari.

"Nisomee mstari huo, mama, mpaka mwisho."

Aliisogeza sura karibu na kioo. Akarudi nyuma. Akainamisha kichwa kushoto kama kuku anayetazama punje. Alilisoma jina, lakini alilisoma kama mtu anayelikumbuka. Dawa akaitaja. Kipimo akakitaja, hakikuwa hicho.

"Na safu ya mwisho?"

Alirudisha mikono kwenye kibodi.

"Mmeitengeneza?" aliuliza hatimaye.

"Tumeitengeneza."

"Mbona bado ina ukungu?"

Waya alitazama skrini, akamtazama Inspekta, akatazama skrini tena. Herufi zilikuwa kali kiasi cha kukata mkono. Kobe alilifungua daftari, akarudi nyuma kurasa tisa, ukurasa ule alioupita mara mbili. Kwanza waya mpya. Skrini. Kadi. Mwaka mzima mtu anaitibu mashine, na mashine haikuwa mgonjwa. Kibandiko cha kila rafu kwa wino mzito. Na yule mume koridoni.

Alimwomba askari wa kike atoke. Daktari mkuu alitolewa pia, ingawa alitoka kwa kurudi nyuma.

"Tangu lini, mama?"

Hakujifanya hajaelewa. Alisema ni mwaka na miezi minne. Ilianza pembeni, kama mtu anayefunga mapazia bila kuombwa, halafu katikati nako kukaingia ukungu. Alikwenda kwa daktari wa macho mji mwingine, asijulikane. Akaambiwa ni presha ya macho, kilichokwisha kupotea hakirudi. Alikuwa na mama yake mzazi kitandani, na wajukuu wawili walioachwa na binti yake, na kazi moja aliyoijua, ambayo yote ni kusoma. Basi akaanza kukariri. Kila kisanduku mahali pake, kila mgonjwa kwa sauti yake. Kwenye skrini alisoma alichoweza na kilichobaki alikikisia, na kila mara alijiambia labda ni mashine. Akalalamika kuhusu mashine, wakampa waya mpya. Akalalamika, wakampa skrini.

"Halafu Jumatano Waya akaweka hii kadi," alisema, "na wote mkasema herufi zina ukungu. Daktari akasema, msaidizi akasema. Unajua nilifanya nini? Nilikwenda chooni nikalia kwa furaha. Nikasema kumbe kweli ni mashine. Kumbe mimi ni mzima."

Waya aliugeukia ukuta.

Inspekta alichukua karatasi ya maelezo, akaandika. Aliandika kadi bandia, draiva, herufi, safu iliyotoka nje ya kioo. Mistari kumi na sita, na hakuna hata mmoja wa uongo. Kwa mistari hiyo wakili yeyote aliyeamka vizuri angemrudisha mama huyu kwa wajukuu wake. Alimsomea kwa sauti, polepole. Mfamasia alisikiliza mpaka nukta ya mwisho.

"Macho yangu hayamo."

"Hayamo. Lakini yote ni kweli, mama. Siku ile hata mwenye macho ya mwewe asingeiona safu hiyo. Haikuwepo."

"Ingekuwepo ningeiona?"

Swali hilo lilikuwa la Kobe, alilibeba tangu mama alipouliza mbona bado kuna ukungu, na sasa alitamani lingebaki kwake.

"Nisingeiona," alisema yeye. "Iandike hiyo."

Kobe alimweleza bila kupamba kwamba akiandika hivyo hakuna atakayeitazama kadi tena. Itakuwa ni yeye aliyejua hasomi na bado akakaa dirishani. Ni miaka, si miezi. Wajukuu watakwenda kwa nani?

"Yule mume huwa anakuja?" aliuliza badala ya kujibu.

"Umempita mlangoni sasa hivi. Alisimama."

Aliuchukua mkono wake mmoja akauweka juu ya mwingine, akaibana pamoja mpaka vifundo vya vidole vikageuka rangi.

"Sikiliza, mwanangu. Kosa likiwa la kadi, mtatafuta kuanzia Jumatano, na mtamkuta marehemu mmoja. Likiwa langu mtatafuta kuanzia mwaka jana. Nimetoa dawa dirishani hapa mwaka mzima kwa kukumbuka. Aliyekosewa na akafia nyumbani harudi kuniambia. Sijui ni wangapi. Labda hakuna. Labda kuna mtu leo asubuhi kameza nilichompa mwezi jana. Andika, na usinidanganye, siwezi kusoma lakini kalamu naisikia."

Kobe alishika kalamu. Kwa muda chumba chote kilikuwa ni feni ya ile kadi, ikizunguka kwa jina lake la kweli. Angeweza kuchora mistari mitupu, kuzungushazungusha wino, na sauti ingekuwa ileile. Wazo hilo lilimpitia kichwani, likakaa, likamtazama. Kisha akaandika: *Nimekuwa sioni vizuri kwa mwaka mmoja na miezi minne. Nilijua. Hata safu ingekuwepo nisingeisoma.* Akamsomea. Mfamasia alitikisa kichwa kukubali, akanyoosha mkono hewani, upande usio wa kalamu.

Inspekta alimwekea kalamu kiganjani. Alimgeuzia karatasi, akamwonyesha mstari wa saini, akakumbuka, akauonyesha tena kwa kuukamata mkono wake na kuushusha mpaka chini ya ukurasa. Bado ncha ilitangatanga. Basi akaweka kidole chake mwenyewe juu ya mstari, akamwambia aanzie hapo anapogusa.

Alisaini kwa herufi kubwa, nzito, za mtu aliyesaini maelfu ya karatasi. Nusu ya jina ilikaa kwenye mstari. Nusu nyingine ilipita juu ya ukucha wa Inspekta na kuishia kwenye ngozi, na yeye hakukiondoa kidole mpaka mama alipomaliza.